Kiwango cha "Ndani" ya Nini? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Upimaji wa Miradi

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lugha yetu imejipatia istilahi nyingi za uchumi na biashara. Baadhi yake zimekaa vizuri hata watumiaji wamesahau kuwa zilibuniwa. Mathalan, "upembuzi yakinifu" imetokana na kazi ya kupembua nafaka, yaani kutenga punje na pumba, ikaongezewa yakini. Na "kitegauchumi" imetokana na kutega. Mtu anayeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza hubahatisha maana yake, na katika kubahatisha hakosei sana.

Istilahi inayohakikiwa hapa haikupata bahati hiyo. Ni jina la kipimo ambacho wachumi, mabenki na wizara hukitumia ili kuamua kama mradi unastahili kuwekewa fedha au la. Kwa Kiingereza kipimo hicho hutajwa kwa maneno matatu, yenye maana ya kiwango, ndani, na kurudi. Wafasiri wengi huyachukua maneno hayo matatu kama yalivyo, kisha kila mmoja akayapanga apendavyo. Matokeo yake ni tafsiri ambazo kisarufi hazina kosa lolote, na ambazo msomaji huzielewa mara moja. Lakini huzielewa kwa maana nyingine kabisa. Jambo hili ni la hatari kuliko tafsiri isiyoeleweka, kwa kuwa asiyeelewa huuliza, bali aliyeelewa vibaya hutia sahihi.

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza tafsiri hizo moja moja, kuonyesha hasara zinazoweza kutokana nazo, na kupendekeza jina ambalo litawafaa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kitu chenyewe

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukijua kitu. Tuchukue kwamba kikundi cha watu kinanunua mashine ya kusaga nafaka kwa shilingi 10,000,000. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, baada ya kulipa gharama zote za uendeshaji, mashine inaleta fedha taslimu shilingi 6,000,000. Mwishoni mwa mwaka wa pili inaleta shilingi 7,200,000, pamoja na bei ya kuiuza mashine yenyewe. Mradi unaishia hapo.

Kwa hesabu ya kujumlisha tu, zimeingia shilingi 13,200,000 na ziada ni shilingi 3,200,000. Lakini kila mfanyabiashara anajua kwamba shilingi itakayopatikana baada ya miaka miwili si sawa na shilingi iliyo mkononi leo, maana hii ya leo ingeweza kuzalishwa wakati huo wote. Kwa hiyo fedha za baadaye hupunguzwa kwanza ili zilingane na thamani ya leo. Tukizipunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka, fedha za miaka yote miwili zina thamani ya leo ya shilingi 11,404,959, nazo zinazidi gharama. Tukizipunguza kwa asilimia 25, thamani yake ni shilingi 9,408,000 tu, nazo hazifikii gharama. Kati ya asilimia 10 na asilimia 25 hapana budi kuwe na kiwango ambacho hakuna kinachozidi wala kinachopungua. Kwa mradi huu kiwango hicho ni asilimia 20: shilingi 6,000,000 za mwaka wa kwanza zinakuwa 5,000,000 za leo, shilingi 7,200,000 za mwaka wa pili zinakuwa 5,000,000 za leo, jumla ni shilingi 10,000,000 kamili, sawa na gharama. Asilimia hiyo 20 ndiyo kipimo tunachokitafutia jina.

Waweza pia kukitazama kwa njia ya daftari. Kikundi kimeweka shilingi 10,000,000 katika mradi. Baada ya mwaka zimekua kwa asilimia 20 na kuwa 12,000,000. Kikundi kinachukua 6,000,000, zinabaki 6,000,000. Hizo nazo zinakua kwa asilimia 20 na kuwa 7,200,000. Kikundi kinazichukua zote, na daftari linafungwa bila salio. Mwalimu atakayelifundisha jambo hili afadhali aanze na daftari hili, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba asilimia 20 hupatikana kwa zile fedha tu ambazo bado zimo katika mradi. Fedha zikishatoka, mradi haujui tena zimekwenda wapi.

Lilikotoka neno "ndani"

Wafasiri wengi huliheshimu neno "ndani" kana kwamba ni sehemu ya kitu chenyewe. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1930 Irving Fisher wa Marekani aliandika juu ya kiwango cha mrejesho kinachozidi gharama, bila kutaja ndani wala nje. Mwaka 1935 Kenneth Boulding, katika makala yake juu ya nadharia ya uwekezaji mmoja, ndiye aliyetumia jina lenye neno "ndani". Mwaka uliofuata, 1936, John Maynard Keynes wa Uingereza alikitaja kipimo cha ukoo huo huo kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita ufanisi wa ukingoni wa mtaji. Kwa hiyo wachumi watatu walikaribia jambo moja kwa majina matatu, na hili la Boulding likashinda kwa mazoea.

Boulding alikuwa na sababu ya kusema "ndani". Kiwango hiki hupatikana kutokana na fedha za mradi wenyewe, zitokazo na ziingiazo, bila kuhitaji kujua riba inayotozwa sokoni. Riba ya soko iko nje ya mradi. Kiwango hiki kimo ndani yake. Kwa Kiingereza maana hiyo inaweza kukisiwa na mtu aliyesomea mambo hayo. Kwa Kiswahili haikisiki, kwa kuwa neno "ndani" katika lugha ya ofisi zetu limekwisha kushika kazi nyingine. Tuna biashara ya ndani, deni la ndani, mkaguzi wa ndani, soko la ndani. Katika yote hayo "ndani" ni ndani ya nchi au ndani ya shirika. Hakuna mtumishi atakayewaza kwamba safari hii ni ndani ya hesabu.

Tafsiri nne na kasoro zake

Tafsiri zinazomjia mfasiri kwa urahisi ni nne, nasi tutazitazama kwa utaratibu.

Ya kwanza ni "kiwango cha mapato ya ndani". Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Katika halmashauri za wilaya na miji ya Tanzania, "mapato ya ndani" ni zile fedha ambazo halmashauri hukusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ada za leseni, kodi za vibanda na kadhalika, tofauti na ruzuku itokayo Serikali Kuu. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu kilichozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Basi tufikirie diwani anayesoma andiko la mradi lisemalo, "kiwango cha mapato ya ndani ni asilimia 20." Ana haki ya kuelewa kwamba mradi utaongeza makusanyo ya halmashauri kwa asilimia 20, au kwamba umetengewa sehemu hiyo ya makusanyo. Hakukosea lugha. Lugha ndiyo iliyomkosea.

Isitoshe, "mapato" ni fedha zote ziingiazo kabla ya kutoa gharama, ilhali kipimo hiki huhesabu fedha zinazobaki baada ya gharama. Kwa hiyo tafsiri hii ina kosa pande zote mbili za neno.

Ya pili ni "kiwango cha marejesho ya ndani". Inaonekana kuwa karibu zaidi na Kiingereza, lakini iko mbali zaidi na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Kwao "rejesho" ni kile anachokilipa mkopaji kila juma au kila mwezi, na "kiwango cha marejesho" ni sehemu ya mikopo iliyorudishwa kwa wakati. Asilimia 20 kwa kipimo chetu yaweza kuwa habari njema. Kiwango cha marejesho cha asilimia 20 katika chama cha akiba na mikopo ni msiba, kwa maana wanachama wanne katika kila watano hawalipi. Neno moja haliwezi kubeba furaha na msiba katika kikao kimoja.

Ya tatu ni "kiwango cha faida ya ndani". Neno "faida" ni tamu, na hapo ndipo penye mtego. Kwa mhasibu faida ni mapato kasoro gharama kwa kipindi maalumu, ikiwa ni pamoja na uchakavu wa mitambo. Kipimo chetu hakihesabu uchakavu hata kidogo, huhesabu fedha taslimu na tarehe zake. Tena "faida" husifu. Mtu akisikia faida ya asilimia 20 hudhani fedha zake zote zitakua kwa asilimia 20 kila mwaka mpaka mwisho. Daftari letu la mashine ya kusaga limekwisha kuonyesha kuwa sivyo.

Ya nne ni "riba ya ndani". Wajerumani husema hivyo katika lugha yao, kwa hiyo si tafsiri ya kubezwa. Lakini kwa Waswahili riba ni malipo ambayo mtu humtoza mwingine kwa kumkopesha, na kwa Waislamu ni jambo lililoharamishwa. Katika kununua mashine ya kusaga hakuna aliyetoza wala aliyetozwa. Kuiita asilimia hiyo "riba" ni kuwatia shaka watu wa dini katika jambo ambalo halina shaka, na kuwafanya wengine watafute mkopeshaji asiyekuwapo.

Kuhusu neno "kiwango" lenyewe sina ugomvi mkubwa. Ni kweli kwamba hutumika pia kwa maana ya ubora uliowekwa, kama katika jina la Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo "kiwango cha riba" na "kiwango cha kubadilisha fedha" vimekwisha kuzoeleka, na hapana faida ya kuvunja nyumba iliyosimama.

Hasara za jina baya

Huenda msomaji akasema kwamba jina ni jina tu, na kwamba anayejua hesabu hatapotea. Lakini maandiko ya miradi hayasomwi na wajuzi wa hesabu peke yao. Husomwa na madiwani, wajumbe wa bodi, viongozi wa ushirika na walimu wakuu, na hao ndio wenye kura. Nitataja mambo manne ambayo jina baya huyaficha.

Kwanza, kupanga miradi kwa ukubwa wa asilimia. Tuchukue kwamba chama cha ushirika kina jengo moja na matumizi mawili yanayoligombea. Likifanywa duka dogo, linahitaji shilingi 1,000,000 na baada ya mwaka litarudisha 1,500,000. Likifanywa ghala la mazao, linahitaji shilingi 10,000,000 na baada ya mwaka litarudisha 13,000,000. Kipimo chetu kwa duka ni asilimia 50, kwa ghala ni asilimia 30. Mjumbe aliyeambiwa kuwa hiki ni kiwango cha faida atapiga kura ya duka bila kusita. Lakini ikiwa fedha za chama zinaweza kupatikana kwa asilimia 10 kwa mwaka, duka linaongeza thamani ya leo ya shilingi 363,636 tu, na ghala linaongeza shilingi 1,818,182. Ghala lina asilimia ndogo, ila linawatajirisha wanachama mara tano. Kipimo hiki chafaa kujibu swali, "Je, mradi huu peke yake unapita kizingiti?" Hakifai kujibu, "Kati ya hii miwili, upi bora?"

Pili, fedha zinazotoka mapema. Turudi kwenye mashine ya kusaga. Ili shilingi 10,000,000 zikue kweli kwa asilimia 20 kwa miaka miwili, zapaswa kuwa 14,400,000. Zitafikia hapo ikiwa tu zile 6,000,000 za mwaka wa kwanza zitapata mahali pengine pa kuzalisha asilimia 20. Zikiwekwa benki kwa asilimia 5, mwishoni kikundi kitakuwa na 6,300,000 pamoja na 7,200,000, yaani 13,500,000, ambao ni ukuaji wa asilimia 16 hivi kwa mwaka. Neno "faida" halimwambii mtu jambo hilo.

Tatu, mradi mmoja kuwa na viwango viwili. Mwaka 1955 James Lorie na Leonard Savage, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitoa mfano ambao mpaka leo hufundishwa. Kampuni ina kisima cha mafuta na inafikiria kuweka pampu yenye nguvu zaidi. Pampu inagharimu dola 1,600. Inaharakisha kuyatoa mafuta, hivyo mwaka wa kwanza kampuni inapata dola 10,000 zaidi. Lakini mwaka wa pili, ambapo mafuta hayo yangetoka yenyewe, inakosa dola 10,000. Ukitafuta kiwango kinacholinganisha pande mbili utapata asilimia 25, na ukiendelea kutafuta utapata pia asilimia 400. Vyote viwili ni sahihi. Sasa mfasiri aliyeandika "kiwango cha faida" atamweleza nini msomaji wake? Mradi una faida ya asilimia 25 au 400? Swali halina jibu, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo ambacho ni faida. Ni majibu mawili ya mlinganyo mmoja. Hali hii hutokea pale ambapo fedha hutoka, huingia, kisha hutoka tena, kama vile migodi ambayo mwisho wake hudai gharama ya kufukia mashimo na kurudisha ardhi.

Nne, na hili linawagusa wasomaji wa jarida hili katika mishahara yao, kipimo hiki hutumika kwa mikopo pia. Mwalimu anakopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja na kuambiwa kwamba riba ni asilimia 20. Riba hiyo inakokotolewa juu ya mkopo wote, yaani 240,000, naye anatakiwa kulipa shilingi 120,000 kila mwezi kwa miezi 12. Lakini mkopo wote haukai mkononi mwake mwaka mzima. Kila mwezi anarudisha sehemu yake, na bado anatozwa kana kwamba anao wote. Kiwango kinacholinganisha kile alichopokea na kile anacholipa ni takriban asilimia 2.92 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kama asilimia 35 kwa kuzidisha mara 12, au asilimia 41 ikihesabiwa riba juu ya riba. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya walaji yaliwataka wakopeshaji wamtajie mkopaji kiwango cha mwaka kinachopatikana kwa ulinganisho wa namna hiyo hiyo, ili asidanganywe na asilimia iliyotajwa mlangoni. Hapa tena "faida" na "marejesho" yanashindwa. Kwa mwenye mradi kiwango kikubwa ni kizuri. Kwa mwenye deni kiwango kikubwa ni kibaya. Jina linalotakiwa ni lile lisilosifu wala kulaumu.

Pendekezo

Katika mambo yote yaliyotajwa, tendo moja limejirudia: kulinganisha. Kiwango hiki hakina kazi nyingine ila kuzifanya fedha zinazotoka na fedha zinazoingia ziwe sawa kwa thamani ya leo. Kiswahili kina kitenzi kinachojulikana na kila mtu kwa tendo hilo, nacho ni "kusawazisha". Mtangazaji wa mpira asemapo kwamba timu imesawazisha, hakuna msikilizaji anayedhani kuwa imeshinda wala kuwa imeshindwa. Hiyo ndiyo maana tunayoihitaji: penye kiwango hiki mradi haujashinda wala haujashindwa.

Kwa hiyo napendekeza istilahi "kiwango sawazishi cha mradi". Muundo wake si mgeni. Tumezoea "bei elekezi", "mpango shirikishi" na "maendeleo endelevu", ambapo kitenzi kimezaa kivumishi bila kuomba msaada wa lugha yoyote. Maneno "cha mradi" yanaichukua ile maana njema iliyokusudiwa na Boulding kwa neno "ndani", kwamba kiwango hiki ni cha mradi wenyewe wala si cha soko. Lakini yanaichukua bila kugongana na mapato ya halmashauri. Pale inapozungumzwa habari ya mikopo, itasemwa "kiwango sawazishi cha mkopo", na msomaji ataona mara moja kwamba ni hesabu ile ile. Na mradi ukiwa na majibu mawili, kama ile pampu ya mafuta, hakuna taabu kusema kwamba una viwango sawazishi viwili. Kwa ufupi waandishi waweza kutumia herufi KSM.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba neno "kurudi" limepotea, na hivyo mfasiri anayetazama maandishi ya Kiingereza atapata shida ya kuoanisha. Jibu ni kwamba kuoanisha ni kazi ya kamusi ya istilahi, wala si kazi ya msomaji wa kawaida. Kadhalika, si wafasiri wote wanaotoka katika Kiingereza. Wenzetu wa Kongo na Burundi hukutana na jambo hili kwa Kifaransa, ambacho badala ya kurudi hutumia neno lenye maana ya uwezo wa kuleta faida. Ikiwa kila mmoja atafuata lugha aliyoanzia, tutakuwa na istilahi mbili kwa kitu kimoja. Tukifuata kitu chenyewe tutakutana.

Pingamizi la pili ni kwamba tafsiri za zamani zimekwisha kuenea. Kuenea kwake ni kwa namna ya magugu: kila andiko lina yake. Hakuna hata moja iliyoshika mizizi kiasi kwamba kuiondoa kutaleta hasara, na baadhi ya waandishi huzichanganya mbili katika ukurasa mmoja.

Ndugu za istilahi hii

Istilahi haikai peke yake, hivyo yafaa kugusia jirani zake kwa ufupi.

Ziada inayobaki baada ya kutoa gharama katika thamani ya leo, kama zile shilingi 1,818,182 za ghala, mara nyingi huitwa "thamani halisi ya sasa". Neno "halisi" lina kasoro. Wachumi hulitumia pia kwa kiasi kilichoondolewa athari ya kupanda kwa bei, kama wasemapo "pato halisi". Msomaji atadhani kwamba mfumuko wa bei umeshatolewa, kumbe sivyo. "Baki la thamani ya sasa" lingefaa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi wa darasa la pili anajua kwamba baki ni kile kinachosalia baada ya kutoa.

Asilimia inayotumika kupunguzia fedha za baadaye huitwa "kiwango cha punguzo", jambo linalomkumbusha mtu bei za dukani. Wengine husema "kiwango cha kushusha thamani", nalo ni baya zaidi, maana kushusha thamani ni kile kinachofanywa na serikali kwa sarafu yake. Ikisemwa "kiwango cha punguzo la wakati", mashaka yote mawili yanaondoka.

Mwisho, kile kiwango cha chini ambacho mwenye fedha hakubali mradi uwe chini yake chaweza kuitwa "kiwango kizingiti". Hapo tunaweza kuandika kanuni nzima kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo haihitaji ufafanuzi: mradi usimamao peke yake, ambao fedha zake hutoka kwanza na kuingia baadaye, hukubaliwa ikiwa kiwango sawazishi chake kinazidi kiwango kizingiti, na inapobidi kuchagua mmoja kati ya miwili, hutazamwa baki la thamani ya sasa.

Hitimisho

Mfasiri wa mambo ya fedha hana uhuru alio nao mfasiri wa riwaya. Neno lake likipotosha, hasara yake huandikwa kwa shilingi, na anayeilipa si yeye bali kikundi kilichoamini andiko. Kwa sababu hiyo mfasiri anapokutana na istilahi kama hii ajiulize mambo mawili kabla ya kuandika: kitu hiki kinafanya kazi gani, na maneno ninayotaka kuyatumia yamekwisha kuajiriwa wapi katika ofisi na vyama vya watu wetu. Tafsiri nne tulizozichunguza zimeshindwa katika swali la pili, na ndiyo maana zinafaa kuachwa hata kama zimenyooka kisarufi.

Pendekezo la "kiwango sawazishi cha mradi" linatolewa ili lijadiliwe. Walimu wa hesabu za biashara, maofisa mipango na watumishi wa vyama vya ushirika wanaombwa walijaribu katika madarasa na vikao vyao, kisha walete maoni. Hasa waeleze kama wasikilizaji wao, wakiulizwa maana ya jina hilo kabla ya kufafanuliwa, hubahatisha kwa usahihi au la. Mtihani huo ndio utakaoamua.